Uzi wa Shahidi

4 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na lile koti ulilonitengenezea bado lina vifungo vyote. Najua hayo ndiyo ungeanza nayo, kwa hiyo nimekutangulia. Mkazamjomba anaendeleaje na goti? Mwambie soksi zake zimefika. Moja imemzidi mwenzake kwa vidole vitatu, nashuku alipofika kisigino alinogewa na redio.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatuelewani tena. Ile mashine yako ya kukamua nguo imeshayala masikio yako. Juzi nilikuambia nimehamia maabara, wewe ukasikia nimechumbiwa na baharia, ukaniuliza mara mbili kama ni mtu wa tabia nzuri. Mjomba, hakuna baharia. Ni maabara ya damu, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Nakaa kati ya friji na mashine ya kuzungusha inayonguruma kama yako, ila hii ni ndogo, inaweza kukaa mezani.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye tone moja la damu kuna chembe nyingi kupita kuhesabu, na kwa mgonjwa wa aina fulani zimo chache mbaya zilizojichanganya na nzuri. Kwa macho zinafanana. Kila chembe ina alama zake kwenye ngozi ya nje, lakini hakuna hata alama moja ambayo chembe mbaya zinayo peke yake. Tunayemtafuta ni yule mwenye alama ya kwanza, na ya pili pia, lakini asiyekuwa na ya tatu. Ili kumtambua tunatengeneza nyuzi fupi za DNA. Ndiyo, ile ile inayotajwa redioni watu wakigombania mtoto. Sisi hatuna habari na mtoto wa nani, tunaitumia kama uzi tu, maana ukiupanga vizuri unajua mwenyewe ushike wapi na uachie wapi.

Hapo ndipo nikakukumbuka. Umefua nguo za mji mzima na sijawahi kukuona ukiandika jina la mtu kwenye nguo, lakini kila shati lilirudi kwa mwenyewe. Ulikuwa unafanyaje? Nifundishe, na usinicheke.

Mpwa wako,
Sindano

27 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliifua. Usicheke wewe. Niliiweka kwenye mfuko wa aproni, na aproni ikaenda na maji. Nikaianika kwenye kamba kwa vibanio viwili, ikakauka, ikasomeka karibu yote isipokuwa sehemu ya juu, kwa hiyo najua kuna goti limeulizwa hali lakini sijui ni la nani. Kama ni la mkazamjomba wako, halijambo. Kuhusu soksi anasema mguu wako ndio haulingani.

Nimesikitika kumpoteza baharia. Nilishaanza kumzoea.

Sasa sikiliza kazi ya watu. Wino unatoka kwenye maji, uzi hautoki. Nguo ya mtaa wa juu naitia uzi mwekundu ndani ya kola. Nguo ya ile nyumba yenye ngazi ndefu naitia uzi wa buluu kwenye pindo. Yenye vyote viwili ni ya mtu wa mtaa wa juu, nyumba ya ngazi. Sasa pale ngazini walikaa wawili, daktari wa meno na mwalimu wa hesabu, wote wembamba, wote mashati meupe, kola ya aina moja. Daktari nikamtia fundo jeusi chini ya kifungo cha mwisho. Mwalimu sikumtia kitu. Nikikuta nyekundu na buluu, na fundo jeusi hakuna, huyo ni Mwalimu. Nimeokoa uzi na nimeokoa muda.

Mfumo huo niliutumia miaka minne. Mwambie mkuu wako kwamba mbele ya dobi maabara yake haifui dafu.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima huku. Mvua imenyesha wiki nzima na ngazi za maabara zinateleza, Mkuu wetu alianguka na chai mkononi na cha ajabu kikombe hakikuvunjika.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Mjomba, ulifanya kazi yetu kabla yetu! Tunavyofanya sisi: uzi wa kwanza unashika alama ya kwanza, uzi wa pili unashika ya pili. Kila mmoja akiwa peke yake hana la kufanya. Wakijikuta jirani kwenye chembe moja wanashikana, na kwa kushikana wanaukunjua uzi mwingine uliokunjwa, na huo ukikunjuka unawaka kijani. Lakini alama ya tatu ikiwepo, uzi wake unawahi kuwatenganisha wale wawili, na hakuna kinachowaka. Hilo ndilo fundo lako jeusi. Kijani maana yake ni nyekundu ipo, buluu ipo, fundo hakuna. Hatuiambii kitu, inaamua yenyewe huko ndani ya kijibomba. Mpaka leo nikiona kijani ya kwanza nachekea mashine peke yangu.

Kwa damu za wagonjwa imewaka vizuri. Sasa lazima tuonyeshe kwamba kwa watu wasio wagonjwa haiwaki, kwa hiyo tunajitolea damu sisi wenyewe hapa kazini, namba tu bila majina. Sampuli sita tumeshapima na hakuna hata moja iliyowaka.

Ila kuna kitu kimenikaa kichwani. Umesema uliutumia miaka minne. Kwa nini uliacha?

Sindano

11 Aprili

Mpwa wangu,

Barua hii ina kurasa tisa, kwa hiyo tafuta mahali ukae. Si kwamba nina mengi. Nimeikalia miwani yangu, na mpaka fundi airudishe lazima niandike herufi kubwa kama za ubao wa duka ili nijione ninachosema. Mistari ikipanda na kushuka vumilia, nafuata mkono.

Hapa hatujambo. Mashine ya kukamua imekufa, nakamua kwa mikono kama zamani, na jioni vidole vinagoma kushika kijiko. Mkazamjomba wako anafurahi kwa sababu sasa namsikia. Anasema alikuwa na maneno ya miaka sita ameniwekea.

Umeuliza kwa nini niliacha mfumo wa Mwalimu. Niliacha tu. Mtu anabadilisha. Hebu niambie wewe, hiyo damu mnaifua? Maana umesema ina kuzungushwa na umesema ina kijibomba, na mimi sijawahi kuona kazi yenye kuzungusha isiyokuwa na kuloweka.

Jibu hilo kwanza.

Mjomba wako asiye na miwani

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini miwani imepona.

Ndiyo, tunaloweka. Chembe zikigandamana tunazitia dakika kumi kwenye dawa ya kuzitenganisha, kisha tunasuuza.

Sampuli namba saba imewaka kijani. Si chembe mbili tatu, ni kiasi kile kile cha mgonjwa. Na mwenyewe ni mtu mzima kabisa, hana hata mafua, anapanda ngazi bila kuhema, koti lake lina vifungo vyote. Damu iliyotolewa ilikwisha siku hiyo hiyo. Inabidi itolewe nyingine, ila huyo mtu hajawa tayari. Kwenye orodha ya Mkuu nimeandika "haikukamilika". Ni uongo mdogo, lakini ni uongo.

Mjomba, nataka kukuuliza jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Mama alikufa kwa ugonjwa gani? Nakumbuka kitanda kusogezwa dirishani, nakumbuka watu wakinyamaza nikiingia, nakumbuka mikono yake ilivyokuwa myepesi. Jina la ugonjwa sijawahi kulisikia. Wewe ndiye kaka yake, najua unalijua.

Sindano

19 Mei

Mpwa wangu Sindano,

Miwani imerudi na mashine imepona, kwa hiyo nimerudia uziwi wangu. Mkazamjomba anakusalimu, goti limemruhusu kwenda sokoni na kurudi.

Mwezi huu nimekuwa na shida ya wanga. Wanga wa siku hizi si wanga. Unaupika sawasawa, unauchuja, unachovya kola, ukipiga pasi inatoka imesimama, lakini mtu akitembea hatua ishirini imelala. Nimejaribu kupunguza maji. Nimejaribu kuongeza moto. Mwenye hoteli amenirudishia vitambaa vya meza kumi na nne, na mimi nikamwambia kitambaa cha meza hakihitaji kusimama, kinahitaji kulala, ndiyo kazi yake. Hakucheka.

Huyo mtu wako wa namba saba ni wa umri gani? Uliza tu vizuri, usimtishe.

Mengine tutaongea ukija.

Mjomba wako

6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeomba jina la ugonjwa, umeniandikia ukurasa mzima wa wanga.

Basi. Umenyamaza na mimi nimekuelewa. Usijisumbue kuandika tena kuhusu hilo.

Ni wa miaka thelathini na moja.

Sindano

12 Juni

Sindano, mwanangu,

Barua hii nimempa fundi viatu anayekuja huko kwenu kwa basi leo, nimemwambia aipeleke mkononi, asimpe mlinzi wala nani.

Miaka thelathini na moja. Nilihesabu kwa vidole mara mbili nikakaa chini palepale kwenye beseni. Halafu nikarudi kwenye ile barua ya nyuma nikasoma tena mahali pa koti lenye vifungo vyote. Mbona sikuona mara ya kwanza? Vifungo vile nilivishona mimi. Namba saba ni wewe, na mimi nilikuwa nakuandikia habari za wanga.

Nenda hospitali. Si maabara yenu, hospitali ya kawaida, upange foleni kama watu, wakupime kipimo cha kawaida. Nenda leo. Fundi viatu nimemwambia akuone ukiondoka.

Sasa nijikaze kisabuni nikuambie niliyoyabana. Mama yako sijui alikufa na nini. Sijui, Sindano. Sikukuficha jina, sina jina la kuficha. Nilikuwa kijana, nilikuwa dobi wa hospitali alikolazwa, mashuka yake nayafua mimi. Nilijua shati la kila daktari anayepita pale kwa kugusa kola tu, na sikuwahi kumshika hata mmoja nikamuuliza, dada yangu anaumwa nini? Niliogopa wangenijibu. Alipokufa nikaona aibu, na kila mwaka aibu ikawa nzito zaidi, mpaka umekuja kuuliza wewe na nimeshindwa kuandika neno moja, sijui. Nikaacha pengo, wewe ukalisoma pengo kama jibu. Nisamehe.

Na hilo ndilo linanirudisha kwa Mwalimu, uliyeniuliza habari zake nikakupiga chenga. Niliacha mfumo ule kwa sababu ulinitia aibu mji mzima. Shati la daktari wa meno lilikuwa na doa gumu, nikaliloweka siku nzima badala ya saa moja. Fundo jeusi likaachia, likaenda na maji. Nikakuta shati lina nyekundu, lina buluu, fundo hakuna. Bila kufikiri nikampelekea Mwalimu. Kesho yake Mwalimu yuko mbele ya darasa, anatia mkono mfukoni achukue chaki, anaandika, haiandiki, anatazama, ni jino. Jino la mtu, lenye mizizi. Watoto walitoka kwa madirisha. Hakuniletea nguo tena mpaka alipohama, na mfuko nilikuwa sijaukagua, hilo nalo ni langu.

Siku hiyo nilijifunza kitu kimoja. Fundo lisipokuwepo, ama halikushonwa, ama limetoka kwenye maji. Kwa macho huwezi kujua ni lipi. Ndiyo maana tangu hapo kila nguo inayoingia kwangu, ya nani iwe ya nani, naitia uzi mmoja mweupe na naushona legelege kuliko zote, makusudi. Huo ni uzi wa shahidi. Ukiwa bado upo, najua maji hayakuvuka mpaka, na kama fundo halipo basi kweli halikuwepo. Ukiwa umetoka, siiamini nguo hiyo hata kidogo, nakwenda mlango kwa mlango kuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza kama dobi, na ujibu kama dobi. Namba saba ililowekwa muda gani?

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Fundi viatu alikaa nami kwenye benchi la hospitali mpaka jina langu lilipoitwa. Alisema umemwambia asirudi bila habari. Amenisimulia kuhusu jino pia, inaonekana mji mzima bado unalisimulia.

Kipimo cha kawaida kimerudi safi. Daktari alikisoma mara mbili kwa sababu nilimwomba.

Sasa nijibu kama dobi. Nilifungua daftari langu la kazi. Tarehe 22 Aprili, namba saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe: imeingia kwenye dawa saa 4:10, imetoka saa 4:52. Dakika arobaini na mbili, Mjomba, badala ya kumi. Nilikuwa nimeuona ukurasa ule mara ngapi? Sikuwahi kutoa moja kwenye nyingine, nilikuwa naangalia kijani tu. Nimekwenda kumuuliza mwenzangu wa meza ya pili siku ile nilikuwa wapi. Akacheka. Akasema, "Si ulikuwa ngazini na ile barua yenye herufi kubwa? Ulikuwa ukiisoma unaigeuza huku na huku."

Kurasa tisa, Mjomba. Na ulikuwa unaniuliza humo humo kama tunaloweka.

Nimemwambia Mkuu yote, pamoja na ule uongo wa "haikukamilika". Nilitegemea anifukuze. Badala yake akasema tuiloweke damu ya mtu mzima makusudi tuone. Nikatoa damu nyingine. Ya dakika kumi haikuwaka hata chembe moja. Ya dakika arobaini na mbili iliwaka kijani kama siku ile. Ile dawa inazila alama za ngozi polepole, na inaanza na ya tatu. Kisha tukarudi kwenye daftari za wagonjwa, na kuna watatu ambao chembe zao ziligandamana sana, zikakaa kwenye dawa muda mrefu. Barua zao za majibu zilikuwa mezani kwa Mkuu, hazijatumwa. Amezichana mbele yangu na kesho wanaitwa kutoa damu upya.

Tumeongeza alama ya nne. Ni alama ambayo kila chembe inayo, nzuri na mbaya, na ni dhaifu kwenye dawa kama ile ya tatu. Uzi wake unawaka buluu. Buluu ikiwepo, tunaiamini kijani. Buluu isipokuwepo, hatusemi lolote, tunaanza upya. Kwenye kijitabu cha maabara Mkuu ameandika jina lake refu la kitaalamu, lakini sote tunauita uzi wa dobi.

Kuhusu Mama, nakuomba msamaha mimi. Nilikuwekea mdomoni maneno ambayo hukuyasema. Ukisema hujui, nimekuamini, na imenitosha.

Andika kurasa tisa, andika ishirini. Nitazisoma nikishasuuza.

Namba saba wako,
Sindano

21 Julai

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba zote tatu. Mkazamjomba wako amelia kwa furaha, halafu akasema soksi zile uzirudishe azirekebishe, ameota moja ni ndefu kweli.

Umesema "sijui" yangu imekutosha. Mimi haijanitosha. Juzi nilivaa shati la kola iliyosimama, wanga wangu mwenyewe, nikaenda hospitali kwenye chumba cha majalada. Nilipita mlango wa kufulia nikaukuta uko palepale. Karani ni binti mdogo mwenye subira. Nilimwambia jina la mama yako, jina la baba yetu na mwaka, nikamwambia nataka kujua aliumwa nini. Ilinichukua miaka ishirini na sita kusema sentensi hiyo, na nilipoisema haikuwa ndefu.

Alitafuta mpaka mchana. Jalada lipo, Sindano. Lakini bomba lilipasuka humo miaka ya nyuma, rafu ya chini yote ikalowa, na majalada yamegandamana kama matofali. Lake liko katikati ya tofali. Karani akasema pole mzee, haya hayafunguki, yatachomwa mwisho wa mwezi.

Nikamwambia binti yangu, karatasi ikilowa haijafa. Mimi nimeshawahi kufua barua na nikaisoma. Unailoweka tena kidogo, muda mfupi, kwa maji safi, unaitenga ukurasa kwa ukurasa bila haraka, unaianika kivulini. Akanitazama. Akasema hana ruhusa ya kunipa jalada, lakini akanionyesha uani kwao. Kuna kamba ya kuanikia, ndefu, haina kitu.

Jumatatu naenda na vibanio.

Mjomba wako